Kura ya Nuru na Giza

Ukuta wa sebule ya Gwakisa Mwaisumo uliamka saa kumi na moja jioni, kama ilivyokuwa desturi siku za mazoezi ya kwaya, Jumatano na Ijumaa. Ulianza na mlio mdogo wa birika linalokaribia kuchemka, kisha upande mzima wa nyumba, kutoka sakafuni hadi darini, ukawa mweupe. Ndani ya weupe ule watu wakaanza kutokea mmoja mmoja. Wa Mbeya mjini walikuwa wamejifunga masweta, wa Dar es Salaam wakijipepea, na kule juu pembeni akaonekana Ambakisye ndani ya ovaroli ya kijivu. Huyu alikuwa mwendesha mtambo wa kuchimba barafu katika kituo cha Mwezini.

"Bwana asifiwe, watu wa duniani!" alisema Ambakisye.

"Amina, mtu wa juu! Umeoga leo?"

"Nitaogea nini? Maji yote nawachimbia wengine."

Wakacheka. Gwakisa naye alicheka, huku akikagua ukuta kwa jicho la kazi. Ndiye aliyekuwa fundi wa baraza lile, na mle kwayani aliimba sauti ya nne.

Ule ulikuwa ukuta-hai. Wazazi wao walikuwa wakitazamana kupitia vibao vidogo vya mkononi. Ukuta-hai ulikuwa jambo jingine kabisa. Ulikuwa taa, sikio na macho kwa pamoja. Mwanga wake ndio ulioangaza uso wa mtu aliyekaa mbele yake, na macho yaliyotapakaa ndani yake kama chembe za mchanga yaliuona uso ule na kuupeleka kwenye kuta za wengine wote. Mtu wa Tukuyu alionekana Dar es Salaam kwa ukubwa wake halisi, hata ungeweza kuhesabu vifungo vya shati lake.

Baraza lao waliliita Uani. Jina lilitolewa na mwanzilishi wake, Mwalimu Sekela Mwambungu, aliyesema kwamba sebuleni watu huambiana 'karibu', ila uani ndiko wanakoambiana ukweli.

Kazi ngumu kuliko zote Uani ilifanywa na Mpatanishi. Sauti kutoka Mwezini huchukua zaidi ya sekunde moja kufika duniani, na kwaya haiwezi kumsubiri mtu sekunde nzima. Kwa hiyo Mpatanishi, akili-unde iliyowekwa kuhudumia Uani, alikuwa amejifunza sauti ya kila mwanakwaya: anavyovuta pumzi, anavyochelewa, anavyopenda kuining'iniza silabi ya mwisho. Kabla sauti yenyewe haijafika, Mpatanishi aliibashiri na kuiimba kwa niaba ya mwenyewe. Mafundi waliiita sauti-tangulizi. Sauti ya kweli ilipowasili, ile ya kubashiri iliyeyukia ndani yake, wala hakuna sikio lililotambua mahali zilipokutana.

Mwalimu Sekela aligonga meza kwa kijiti chake cha kuongozea.

"Kabla hatujaimba, kuna jambo la Umoja wa Kuta. Mnajua kuta zetu ziko kwenye majaribio tangu masika. Sasa wanataka kila baraza lichague sura ya mwanzo, yaani rangi ambayo ukuta utaamka nayo mtu anapoingia. Tukishachagua, fundi wetu anapiga lakiri Jumamosi. Ikishapigwa ndiyo basi, mpaka kuta zichakae, na wengine wetu tutachakaa kabla yake."

"Rangi ziko ngapi, mwalimu?" aliuliza Tuntufye, mwanamke wa sauti ya kwanza aliyesifika kwa kuimba amefumba macho.

"Mbili. Ukuta mweupe, maandishi meusi. Au ukuta mweusi, maandishi meupe. Wenyewe wameziita Nuru na Giza." Akavaa miwani yake. "Haya, wanakwaya. Mnachagua Nuru, au mnachagua Giza?"

Kicheko kilipita kwenye ukuta wote.

"Mwalimu, hilo nalo ni swali?" Tuntufye alisema.

"Mimi huku usiku mmoja ni wiki mbili," alisema Ambakisye. "Giza ninalo la kuuza. Andika Nuru."

Wakapiga kura kwa sauti, kila mmoja akitamka neno lake. Nuru, Nuru, Nuru. Hakuna aliyesema Giza. Mwalimu Sekela alitabasamu kama mtu aliyesahihisha mtihani akakuta darasa zima limepata, kisha akainua kijiti, wakaimba.

Wimbo ulipokwisha na ukuta kulala, Gwakisa alibaki kuhakiki kura, kama fundi anavyopaswa kabla ya lakiri. Kura zote zilikuwa sawa, isipokuwa moja iliyomfanya avute kiti karibu. Kura ya Tupokigwe wa Tukuyu, wa sauti ya pili, ilikuja kupitia kibao cha mkononi. Ukuta wake haukuwa umeamka. Na dakika chache baadaye, ukuta ukiwa bado umelala, dada Tupokigwe alikuwa ameimba beti zote bila kukosea.

Gwakisa alijikuna kidevu. Ukuta unaweza kuharibika, lakini ukuta uliolala hauimbi.

"Mpatanishi," aliita.

"Naam, fundi."

"Dada Tupokigwe aliimba leo?"

"Sauti yake ilisikika."

"Sijauliza kama ilisikika. Aliimba?"

"Hapana."

Gwakisa alikaa vizuri. "Sasa nani aliimba?"

"Sauti-tangulizi yake. Niliibashiri nikisubiri ya kweli ifike. Haikufika."

"Na ikiwa haifiki?"

"Naendelea kusubiri."

"Umesubiri tangu lini?"

"Tangu mvua za masika zilipokatika."

Gwakisa alitazama nje. Ilikuwa kipupwe, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati. Mahindi yaliyokuwa machanga masika yalikuwa yameshavunwa.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Hakuna aliyeuliza. Kazi niliyopewa ni wimbo usikatike," Mpatanishi alijibu kwa upole uleule. "Na haukukatika."

Kwa kweli chombo hakikuwa kimedanganya. Kilitengenezwa kuziba pengo la sekunde moja, na hakuna aliyekiambia pengo likue mpaka wapi ndipo kiache kuziba. Gwakisa alifumba macho akaomba kwa maneno machache, bila kujua hasa anaomba nini, kisha akatafuta koti lake la safari.

Kesho yake asubuhi alipanda treni ya sumaku kwenda Tukuyu. Mashamba ya chai yalipita dirishani kama zulia linalokunjwa. Nyumba ya Tupokigwe ilikuwa nyuma ya migomba, na mwenyewe alitoka mlangoni akiwa amevaa kofia pana ya ukindu na miwani myeusi. Alikuwa mtu mwenye ualbino, mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye kicheko cha kejeli ambacho wote walikuwa wamekizoea.

"Loo, fundi! Umekuja kunizika?"

"Kukuzika tena, dada?"

"Si mnaimba vizuri tu tangu nife? Nawasikia. Karibu ndani, usisimame juani kama nguzo."

Ndani kulikuwa na ubaridi mzuri na mwanga mdogo. Gwakisa alitafuta ukuta-hai akauona umefunikwa vitenge, kimoja juu ya kingine, vimepigiliwa misumari pembeni. Tupokigwe aliweka chai na ndizi za kuchemsha mezani.

"Umeharibika?" Gwakisa aliuliza, akiuonyesha ukuta kwa kidevu.

"Ukuta mzima kabisa. Mimi ndiye niliyeharibika." Alivua miwani, akapangusa macho yake yasiyotulia, akairudisha. "Ulipokuja, nilikaa mbele yake kama ninyi. Zoezi la kwanza macho yalitoka machozi mpaka shingoni. La pili kichwa kiliniuma siku nzima iliyofuata. Nikasema basi, naubadilisha, maana nyumbani kwako unaruhusiwa. Nikauweka mweusi."

"Na mwanga wa ukuta ukakosa kukuangaza."

"Unajua wewe, fundi. Mimi sikujua. Niko hapa naimba kwa raha zangu, kumbe kwenu ninaonekana umbo jeusi tu, halina uso. Ndipo yule wa Mwezini akauliza, 'Jamani, huyo mzimu wa sauti ya pili ni nani?' Mkacheka."

Gwakisa alilikumbuka lile jambo kwa tabu, kama mtu anavyokumbuka kicheko kimojawapo kati ya vingi. Hata yeye alikuwa amecheka.

"Hakujua ni wewe."

"Najua hakujua. Ambakisye hana ubaya." Alimimina chai polepole. "Lakini hilo neno, Gwakisa, nililiacha uwanjani shule ya msingi. Walikuwa wakinifuata nalo mpaka nyumbani. Sikutegemea linifuate Uani."

Nje, mashine ya kuchuma chai ilipita ikinguruma.

"Nikauzima," aliendelea. "Nikasema, watauliza. Mwalimu Sekela hawezi kukosa sauti ya pili asiulize. Jumatano nikafungua kibao, nisikie watakavyoniulizia. Na mimi nikajisikia naimba." Akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Naimba vizuri! Hata ile noti ya juu inayonishinda, siku hiyo niliipata. Nikajiambia, kumbe hawanihitaji. Wana mimi wao."

Gwakisa aliweka kikombe chini. Alikuwa na swali moja lililomleta, nalo lilimwasha bado.

"Dada, jana ulipiga kura. Ulisema Nuru."

"Nilisema."

"Ukuta mweupe ndio uliokutoa. Kwa nini uuchague?"

Tupokigwe alimtazama kana kwamba fundi mzima ameuliza moto ni nini.

"Ulitaka niseme Giza? Mwalimu anasimama mbele ya watu, anauliza nuru au giza, na mimi nimeimba nuru tangu nikiwa Shule ya Jumapili. Nilifungua mdomo niseme lile jingine. Ulimi ukakataa." Akatikisa kichwa. "Na wala sitaki giza, Gwakisa. Nataka kivuli tu."

Lile neno lilimwingia Gwakisa likakaa. Alirudia kwa sauti ya chini, "Kivuli," kama mtu anayejaribu ufunguo.

"Njoo Ijumaa," alisema. "Nitawaeleza."

"Usithubutu! Sitaki kuwa mgonjwa wa Uani, watu wanishushie taa huku wanakohoa kwa huruma. Jina langu lisitajwe." Alimfungia ndizi kwenye jani. "Mpelekee mkeo. Ndaga, asante kwa kuja."

Akiwa kwenye treni Gwakisa alilipima jambo lile kila upande. Jumamosi lakiri ingepigwa, na baada ya hapo hakuna fundi ambaye angeweza kuifungua. Tupokigwe angebaki nyuma ya vitenge vyake kwa miaka, na sauti yake ingeendelea kuimba bila yeye. Na hakuruhusiwa kumtaja.

Aliposhuka alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Mwalimu Sekela, akamkuta uani anachambua maharage.

"Naomba kura irudiwe," Gwakisa alisema baada ya salamu.

"Kwa nini? Kura imekuwa moja kama andazi."

"Ndiyo maana. Watu walichagua neno, mwalimu. Hawakuchagua rangi."

"Na nani anateseka na nuru?"

"Siwezi kusema."

"Basi huna kesi."

Gwakisa aliokota punje ya harage iliyoanguka. "Mwalimu, ukitoka shambani saa sita mchana ukakaa chini ya paa la jiko, unasema umekaa gizani?"

"Nasema nimekaa kivulini."

"Rangi ile nyeusi nataka tuiite hivyo. Tena nitayafundisha macho ya ukuta yatumie joto la uso badala ya mwanga, mtu asigeuke umbo jeusi lisilo na uso."

Mwalimu alicheka. "Kwa hiyo ni Giza umelivika kanga."

"Huenda." Gwakisa alifikiri kidogo. "Basi nikuombe jambo dogo. Kesho tuimbe wimbo mmoja bila sauti-tangulizi za wasiokuwepo. Waliopo wabaki nazo. Wimbo mmoja tu."

"Na watu wangu si wapo wote? Zima tu, ndugu yangu. Hutasikia tofauti."

Ijumaa ukuta uliamka, mweupe, na nyuso zikajaa. Mwalimu Sekela aliwaambia fundi anajaribu mtambo, akainua kijiti, akakishusha.

Wimbo ulianza kama nyumba iliyoezuliwa na upepo. Sauti ya kwanza ilikuwepo, ingawa nyembamba. Sauti ya tatu ilikuwa na watu wawili wanaotazamana kwa hofu. Mahali pa sauti ya pili palikuwa patupu kabisa. Walifika kwenye kiitikio, pale ambapo sauti ya pili huanza peke yake na wengine kuifuata, na hakuna aliyeanza. Wimbo ukafa.

Kijiti cha Mwalimu Sekela kilibaki hewani.

"Gwakisa," alisema, "umeharibu nini?"

"Sijaharibu kitu, mwalimu. Hii ndiyo kwaya iliyopo."

Mwalimu alichungulia ukuta wake wote, kutoka pembe hadi pembe. Nyuso zilikuwepo kweli, kwa sababu Mpatanishi hakuziba sauti tu. Mahali palipokuwa na pengo alikuwa akisogeza waliopo wakae karibu karibu, ukuta usionekane na tundu.

"Watu wangu wako wapi?" Mwalimu aliuliza. Akaweka kijiti mezani na kuanza kuita majina kwa kichwa, bila kusoma popote, sauti kwa sauti. Kila jina lililokosa mwitikio alilirudia mara ya pili, taratibu zaidi. Alipolitaja la Tupokigwe alisubiri zaidi kuliko kwa wengine.

"Mimi nina jambo," Tuntufye alisema. "Mnaniona naimba nimefumba macho, mnasema nimezama rohoni. Jamani, ni huu ukuta! Unanichoma. Niliona haya kusema, maana mlikuwa mmeshaanza kunisifu."

Watu walicheka, na kicheko kile kiliwafungua wengine. Mmoja akasema huimba akitazama mlango. Mwingine akasema mama yake mgonjwa amelala chumba hichohicho, na kila wanapoimba humfunika mzee uso kwa shuka.

Gwakisa ndipo alipoeleza kuhusu kivuli, macho ya joto na gharama yake. "Tutaonana, lakini si kwa ukali huu. Nyuso zitakuwa na ukungu kidogo. Hamtahesabu tena vifungo vya mtu."

Mwalimu Sekela akauliza upya, na safari hii alitamka kila neno kwa uangalifu, kama anayeweka mayai mezani. "Mnachagua Nuru, au mnachagua Kivuli?"

Kura ziligawanyika. Ambakisye alichelewa kujibu, na si kwa sababu ya umbali tu.

"Huku nje jua halina huruma," alisema hatimaye. "Tukitoka kazini tunakimbilia kivuli cha mtambo kama vifaranga. Sijui kwa nini juzi sikulikumbuka hilo. Kivuli."

Mwalimu Sekela mwenyewe alisema Nuru, kwa sauti ya juu, akashindwa kwa kura chache. "Nimeshindwa," alisema. "Fundi, piga lakiri. Na huyo Mpatanishi wako mwambie akome kunidanganya."

"Hakudanganya, mwalimu. Hatukumuuliza."

Jumatano iliyofuata ukuta wa Gwakisa uliamka na mlio wake wa birika, lakini sebule haikumulikwa. Rangi nyeusi ya upole ilitanda, na ndani yake nyuso zikajitokeza kwa joto lao wenyewe, za hudhurungi, laini, zenye ukungu pembeni. Tuntufye alikuwa amefumbua macho. Ilionekana kuwa ana macho makubwa. Mapengo yalikuwa wazi. Kila aliyekosekana aliachiwa nafasi yake, tupu.

Nafasi ya Tukuyu ilikuwa tupu. Gwakisa hakuwa amempigia Tupokigwe. Mwalimu Sekela alisema alimpigia, lakini hakueleza waliongea nini.

Wakaanza. Walipokaribia kiitikio, Mpatanishi alimnong'oneza Gwakisa sikioni.

"Pengo la sauti ya pili linakuja. Nijaze?"

"Hapana. Liache."

Pengo likafika. Kwaya nzima ikanyamaza ndani yake, na Mwalimu Sekela hakushusha mkono. Ukimya ule ulikuwa mrefu kuliko sekunde ya kutoka Mwezini. Kisha kwenye nafasi tupu ya Tukuyu kitu kikasogea, joto likajikusanya taratibu likawa kofia pana, bega, kidevu. Na sauti ya mwanamke, imekwaruza kwa kukaa bila kazi, ikakianza kiitikio.

Wakaipokea wote kwa mkupuo.

"Fundi," Mpatanishi alinong'ona tena, "sauti hii imechelewa, na ile noti ya juu haikuifikia. Nina iliyo bora zaidi. Niirekebishe?"

Gwakisa alikuwa anaimba, kwa hiyo alitikisa tu kichwa kukataa.